Wazazi Wanapotengana: Namna ya Kumsaidia Mwanafunzi Asipoteze Masomo Yake

Wazazi wanapotengana, habari huchelewa kufika shuleni, na mara nyingi haifiki kwa mdomo. Hufika kwa daftari lisilo na kazi, kwa mwanafunzi aliyekuwa msikivu ambaye sasa anamjibu mwalimu kwa ukali, au kwa ripoti ya muhula iliyorudishwa bila sahihi ya mzazi. Mwalimu asiyejua kilichotokea nyumbani huiona tabia peke yake na kuishughulikia kama utovu wa nidhamu. Mzazi naye, akiwa katikati ya mvutano wake, huziona alama zilizoshuka na kuilaumu shule au kumlaumu mwenzake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wote wawili, ingawa mwalimu wa darasa atakuta mengi zaidi yanayomhusu, kwa kuwa katika kipindi hiki shule huenda ndiyo sehemu pekee ya maisha ya mtoto ambayo haijabadilika.

Tambua kwanza kinachomwathiri

Watu wengi huzungumzia utengano kana kwamba ni pigo moja linalomwangukia kila mtoto kwa uzito uleule. Tafiti haziungi mkono dhana hiyo. Mwaka 1991 Paul Amato na Bruce Keith, watafiti wa Marekani, walikusanya matokeo ya tafiti 92 zilizowalinganisha watoto wa wazazi walioachana na watoto wa wazazi wanaoishi pamoja. Waligundua kwamba, kwa wastani, watoto wa kundi la kwanza walikuwa nyuma katika masomo, mwenendo na hali ya nafsi, lakini pengo lenyewe lilikuwa dogo. Tena watoto waliokuwa wakiishi na wazazi wote wawili katika nyumba iliyojaa ugomvi walikuwa na hali mbaya kuliko wale ambao wazazi wao walikuwa wameachana. Mavis Hetherington, mwanasaikolojia aliyefuatilia familia kwa karibu miaka 30 katika jimbo la Virginia, aliripoti kwamba takriban asilimia 25 ya vijana waliotoka katika familia zilizopitia talaka walikuwa na matatizo makubwa ya kihisia au ya kijamii, ilhali kwa wenzao kiwango hicho kilikuwa kama asilimia 10. Takwimu hiyo husomeka kwa namna mbili, na zote ni za kweli: hatari imezidi maradufu, na papo hapo watoto watatu kati ya wanne hawakufikia huko. Mwalimu azishike zote mbili, kwa sababu anayekumbuka ya kwanza tu atamhukumu mtoto kabla hajakosea, na anayekumbuka ya pili tu atampuuza yule anayezama.

Tofauti baina ya mtoto anayeumia sana na yule anayesimama upya hutokana, kwa sehemu kubwa, na mambo yanayoandamana na utengano: ugomvi unaoendelea hata baada ya wazazi kuishi mbalimbali, mapato yaliyokuwa yakiendesha nyumba moja ambayo sasa yanatakiwa kuendesha mbili, kuhama makazi na pengine shule, mzazi anayebaki na malezi akiwa amechoka kiasi cha kutoweza kufuatilia daftari, mzazi mwingine kupotea kidogo kidogo, na ratiba ya kulala, kula na kusoma kuvurugika. Kila kimojawapo kinaweza kupunguzwa makali na mtu mzima aliye karibu. Hapo ndipo penye kazi ya mwongozo huu, kwani si mwalimu wala jirani atakayewarudisha wazazi pamoja, na mtoto asiaminishwe kwamba kuna mtu anayejaribu kufanya hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo walimu huteleza kwalo. Tunadhani mtoto aliyetoka katika nyumba ya vurugu ndiye atakayeyumba zaidi. Amato na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba pale ugomvi ulipokuwa mkubwa, kuachana kwa wazazi kulielekea kuwapa watoto nafuu, ilhali pale ambapo wazazi walikuwa hawagombani waziwazi, kuachana kuliwaumiza watoto zaidi. Sababu si ngumu kuiona: mtoto wa nyumba tulivu hakuona dalili yoyote, na siku anayoambiwa kwamba mzazi mmoja anaondoka, kila alichokiamini kuhusu nyumba yao huingiwa na shaka. Basi usiseme, "Wale wazazi wake waliachana kwa heshima, huyu hana tatizo."

Kuhusu masomo yenyewe, athari hupitia njia inayoeleweka. Kujifunza hudai mtu ashike mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja. Anayegawanya namba kubwa kwa njia ndefu lazima akumbuke amefika hatua gani, namba ipi ameishusha na ipi imebaki, na anayesoma kifungu kirefu lazima abebe mwanzo wake mpaka mwisho. Hofu na mawazo hula nafasi ileile. Ukiongeza usingizi uliokatika, utampata mwanafunzi anayeelewa ukimfundisha peke yake, lakini anayepotea katikati ya swali lenye hatua nne. Kumwita mvivu hakumsaidii, na ukweli ni kwamba si mvivu.

Msome kwa kipimo chake mwenyewe

Swali la kujiuliza ni hili: mtoto huyu amebadilika kutoka alivyokuwa? Mwanafunzi mkimya tangu darasa la kwanza hana dalili yoyote kwa kuwa mkimya, ila mcheshi aliyenyamaza ghafla anayo. Judith Wallerstein na Joan Kelly, waliowafuatilia watoto 131 wa familia 60 huko California kuanzia mwaka 1971, walieleza jinsi umri unavyoipa huzuni sura tofauti. Utafiti wao haukuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo haufai kutumiwa kupima ukubwa wa tatizo, lakini maelezo yao kuhusu umri bado yanamfaa mwalimu.

Mtoto wa shule ya awali hurudia tabia alizokwisha kuziacha, kama vile kunyonya kidole, kujikojolea, au kung'ang'ania nguo ya mzazi langoni. Aghalabu huamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha, kwa kuwa siku moja alikuwa mtundu na baba akakasirika. Wa miaka sita hadi minane huwa na huzuni isiyofichika na hamu kubwa ya kumwona mzazi aliyeondoka. Hulia kwa jambo dogo, hupoteza vitu, husahau alichoagizwa dakika tano zilizopita. Kuanzia miaka tisa hadi kumi na miwili hasira hutawala. Huyu hutafuta mwenye kosa, huegemea upande wa mzazi mmoja na kumpa mwingine kisogo, na mwili wake nao hulalamika: kichwa kinauma, tumbo linauma, hasa asubuhi ya mtihani. Vijana wa sekondari hugawanyika. Baadhi yao hutoroka vipindi, hujiunga na makundi yanayowapa hisia ya kuwa na kwao, au huingia katika mapenzi mapema. Wengine hukomaa kabla ya wakati, wakawa walezi wa wadogo zao na washauri wa mzazi.

Hao wa mwisho wanastahili neno la ziada. Shule hupenda mtoto mtiifu, na mwanafunzi ambaye ghafla amekuwa mwema kupita kiasi, hakosi kazi, hachezi na haombi chochote, husifiwa mbele ya wenzake badala ya kuulizwa hali yake. Binafsi namhofia huyu kuliko anayepindua dawati, kwa maana anayepindua dawati atashughulikiwa siku hiyohiyo.

Kabla ya kufikia uamuzi wowote, andika. Kwa muda wa wiki mbili hivi weka kumbukumbu fupi za mahudhurio, kazi zilizokamilika, na matukio ya tabia, ukitaja siku na kipindi. Kumbukumbu hizo hufichua mambo ambayo macho hayayaoni. Mwanafunzi anayevuruga darasa kila Ijumaa mchana na kusinzia kila Jumatatu asubuhi huenda anakueleza, bila kujua, siku anazohamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Kumbukumbu hizo pia zitakulinda dhidi ya kosa la kuupa utengano lawama ya kila kitu. Mtoto huyohuyo anaweza kuwa haoni ubao vizuri, anaonewa na wenzake njiani, au ana ugonjwa, na itakuwa dhuluma ikiwa macho yake hayatapimwa kwa sababu kila mtu ameridhika kwamba "ni mambo ya nyumbani."

Zungumza naye bila kumchimba

Chagua wakati ambapo hatakosa mapumziko wala mchezo, na mahali ambapo wenzake hawasikii ila watu wanaweza kuwaona. Anza na kazi ya shule, kwa sababu hilo ni jambo lililo ndani ya haki yako kuliuliza. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Naona siku hizi kazi zako za hesabu hazikamiliki, na wewe si mtu wa kuacha kazi nusu. Sikukuita nikuadhibu. Nataka kujua kama kuna kitu kinachokunyima nafasi ya kuzimaliza."

"Hakuna, mwalimu."

"Haya. Kikiwepo, hata wiki ijayo, njoo uniambie. Na siku utakayoshindwa kumaliza, nijulishe asubuhi kabla ya kipindi, tupange pamoja namna ya kuifanya."

Mazungumzo yaishie hapo. Mwalimu mwenye nia njema huvutwa kuendelea: "Nimesikia baba yako amehama, ni kweli?" Akisema hivyo tu, mtoto atajua kwamba habari za nyumbani kwao zinazungumzwa katika chumba cha walimu, na atajifunga. Katika mfano huu amepewa vitu viwili anavyoweza kuvitumia bila kutoboa siri yoyote, yaani mlango ulio wazi na njia ya kuepuka aibu mbele ya darasa. Wengi hurudi baada ya siku kadhaa, mara nyingi wakianza na jambo dogo kama kitabu kilichosahaulika.

Akifunguka, sikiliza zaidi ya unavyosema. Usimkosoe mzazi yeyote hata kama maneno ya mtoto yanakuchoma, kwa sababu mtoto anaweza kumlaani baba yake leo na kumlilia kesho, na atamkumbuka mwalimu aliyeitikia laana ile. Usimwahidi kwamba mambo yatarudi kama zamani. Usimwahidi pia kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie kwamba utalitunza alilokueleza, isipokuwa ukiona usalama wake uko hatarini. Akisema, kama watoto wadogo wanavyosema mara kwa mara, "Mwalimu, ni mimi niliyefanya baba aondoke," mjibu kwa maneno mafupi yasiyo na mzunguko: "Hapana. Kutengana ni uamuzi wa watu wazima. Hakuna ulichofanya kilichousababisha, na hakuna ulichoacha kufanya ambacho kingeuzuia." Jiandae kumrudia maneno hayo siku nyingine, kwani kuyasikia mara moja hakumtoshi.

Panga masomo yaweze kuvuka nyumba mbili

Kwa mwanafunzi anayelelewa kwa zamu, tatizo kubwa la masomo mara nyingi ni la vitu na muda, na ndilo rahisi kulitatua. Chukua mfano wa mwanafunzi wa darasa la tano ambaye Jumatano jioni anatoka kwa mama kwenda kwa baba. Asubuhi alibeba madaftari ya Jumatano. Daftari la sayansi lenye kazi ya kukusanywa Ijumaa limebaki kwa mama chini ya kitanda, bikari ya hesabu imo kwenye begi jingine, na karatasi ya taarifa ya kikao cha wazazi ameikunja mfukoni mwa sare anayoiacha ifuliwe. Alhamisi anafika bila vitu vitatu na anaandikwa katika orodha ya wazembe. Akiandikwa hivyo mara nne au tano, huanza kuamini jina alilopewa.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Mruhusu aache vitabu vizito shuleni, au, kama shule ina nakala za ziada, mpe seti moja ikae katika nyumba ya pili. Awe na daftari moja dogo la kuandikia kazi zote za wiki, linalokaa begini daima na kutiwa sahihi na mzazi yeyote aliye naye usiku huo. Toa kazi za nyumbani mapema kiasi kwamba usiku mmoja ukiharibika, mwingine ubaki. Tarehe za mitihani zifike kwa wazazi wote wawili kwa maandishi, majuma kadhaa kabla. Na kama shule inaweza kutenga chumba tulivu kwa nusu saa baada ya masomo, mwanafunzi wa namna hii atamaliza humo kazi ambayo pengine isingefanyika katika nyumba yoyote kati ya hizo mbili.

Katika kumhurumia, punguza wingi wa kazi bila kupunguza kiwango chake. Badala ya maswali ishirini mpe manane, lakini katika hayo manane yabakize yale magumu ambayo darasa zima linatakiwa kuyaweza. Mwalimu anayempa mwanafunzi kazi nyepesi kwa miezi sita kwa sababu "ana matatizo" anamwongezea hasara ya pili, maana matatizo ya nyumbani yatatulia naye atajikuta nyuma ya wenzake. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika hesabu, ambako mada husimama juu ya mada. Aliyekosa wiki tatu za sehemu hataelewa asilimia, na mwaka unaofuata hataelewa uwiano, wala hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo kilikuwa zile wiki tatu. Tafuta mahali hasa alipokatikia kwa kumpa maswali machache ya mada zilizopita, kisha mfundishe sehemu hiyo tu, dakika kumi na tano kabla ya vipindi kuanza, mpaka pengo lizibe. Mwenzake anayeaminika anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mwalimu, na faida ya ziada ni kwamba mtoto hatabaki peke yake.

Pitia pia kazi unazotoa. "Chora familia yako ikiwa mezani," "andika barua kwa baba," au siku ya wazazi inayodai mtu wa kila upande, ni mambo yasiyo na ubaya wowote kwa wengi, ila huwaweka baadhi mahali pabaya mbele ya wenzao. Hakuna haja ya kuyafuta. Yape upana tu: mtu unayempenda, watu wa nyumbani kwenu, mzazi au mlezi.

Nidhamu ibaki, ila adhabu ichaguliwe

Mtoto ambaye nyumbani kwake kanuni zimelegea au zinapingana anahitaji mahali ambapo kanuni hazijabadilika. Kwa hiyo aliyempiga mwenzake awajibike kama mwingine yeyote. Kumwachia kwa huruma humfundisha kwamba huzuni ni ruhusa, na wenzake huona upendeleo. Kinachotakiwa kubadilika ni aina ya adhabu. Kumrudisha nyumbani kwa siku tatu ni kumpeleka palepale penye moto, au katika nyumba isiyo na mtu mchana kutwa, na kumwongezea vipindi alivyokosa. Kumwaibisha mbele ya darasa humthibitishia yale anayojiambia usiku. Kumchapa mtoto ambaye huenda ameshuhudia mapigo nyumbani humfundisha kwamba hata shuleni hasira hutatuliwa kwa mkono. Adhabu inayofaa ni ile inayorekebisha kosa lenyewe: atengeneze alichoharibu, amwombe radhi aliyemkosea, afidie muda wa kazi aliyoikwepa akiwa chini ya uangalizi wa mwalimu.

Kwa hasira zinazolipuka, kubalianeni naye mapema juu ya ishara. Akiweka kalamu fulani pembeni ya dawati, mwalimu anajua anaomba kutoka dakika tano, anakwenda kunywa maji au kukaa kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kisha anarudi bila kuulizwa mbele ya watu. Baadhi ya walimu huogopa kwamba ishara hiyo itatumiwa vibaya. Hutokea, na dawa yake ni kuhesabu mara alizoitumia katika wiki na kuzungumza naye kuhusu hesabu hiyo.

Shule isiwe uwanja wa mvutano

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 9, unamtambulia mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuendelea kuwa na mawasiliano ya mara kwa mara na wazazi wote wawili, isipokuwa pale ambapo jambo hilo linapingana na maslahi yake. Kwa shule, maana yake ya kila siku ni kwamba, pasipo amri ya mahakama au sababu ya usalama inayozuia, ripoti ya maendeleo, mwaliko wa kikao na taarifa ya ugonjwa vitolewe kwa nakala mbili. Kama wazazi hawawezi kuketi meza moja, wapangieni saa tofauti. Ofisi ya mkuu wa shule iwe na maandishi yanayoonyesha nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na mlinzi wa lango ajulishwe. Neno la mdomo la mzazi mmoja kwamba mwenzake asimguse mtoto lisitoshe peke yake, wala lisipuuzwe. Ombeni hati, na mpaka ipatikane mwanafunzi asitolewe kwa mtu yeyote bila idhini ya mkuu wa shule.

Mapema au baadaye mwalimu atavutwa upande. Mzazi atasema, "Mwalimu, wewe mwenyewe si unaona mtoto anavyokuwa akitoka kwa baba yake?" Jibu linalofaa hukaa darasani: "Mama, ninachoweza kukueleza ni nilichokiona. Wiki hii alikosa kazi mbili na Jumatatu alisinzia kipindi cha kwanza. Baba yake nitamweleza hayohayo." Kauli hiyo ya mwisho isiachwe, kwa kuwa inamhakikishia kila mmoja kwamba hakuna ripoti mbili. Ukitakiwa kuandika maelezo kwa ajili ya shauri, yapitishe kwa mkuu wa shule, na uandike tarehe na matukio pekee, bila kukisia chanzo.

Masuala ya karo na michango yapelekwe kwa mzazi au mlezi. Mtoto asisimamishwe mstarini kwa deni ambalo wazazi wake wanasukumiana.

Yanayowahusu wazazi

Mwambieni mtoto habari hiyo ninyi wenyewe, mkiweza mkiwa pamoja, kabla mmoja hajahama, na mumweleze mambo ambayo mtoto hujiuliza kweli: nitalala wapi, nitaendelea na shule ileile, nani atanichukua, nitamwona lini mwingine. Sababu za ndoa kuvunjika hazimhusu. Ikiwa tarehe ya kuhama iko mikononi mwenu, iepusheni na majuma ya mitihani. Kisha mjulisheni mwalimu wa darasa kwa sentensi mbili au tatu tu. Hahitaji kujua aliyekosea, anahitaji kujua kwamba kuna mabadiliko na nani apigiwe simu.

Kazi ya utarishi ndiyo inayoharibu zaidi. "Mwambie baba yako alete hela ya daftari" huonekana kauli ndogo, lakini inamfanya mtoto abebe ombi, apokee hasira ya anayeombwa, na arudi na jibu litakalozua hasira nyingine, yote hayo akiwa na mtihani kesho yake. Andikianeni ujumbe ninyi kwa ninyi. Vivyo hivyo, akirudi kutoka upande wa pili asihojiwe nani alikuwepo na nini kilisemwa.

Kubalianeni juu ya mambo machache yanayofanana katika nyumba zote mbili, hata kama mengine yote mnahitilafiana: saa ya kulala siku za shule, saa ya kufanya kazi za nyumbani, na matumizi ya simu. Mzazi asiyeishi na mtoto asijigeuze mtu wa zawadi na matembezi tu. Kukagua daftari Jumamosi na kuuliza kuhusu jaribio la Alhamisi kuna uzito kuliko viatu vipya, na humjulisha mtoto kwamba bado ana wazazi wawili wanaojali masomo yake. Naye mzazi anayebeba malezi ya kila siku ajizuie kumgeuza mtoto mkubwa kuwa msiri wake. Tafuta mtu mzima wa kumlilia.

Muda, na pale msaada wa kawaida unapokwama

Hetherington aliona kwamba mwaka wa kwanza huwa mgumu kuliko yote na kwamba wengi walianza kutulia ndani ya takriban miaka miwili. Kwa hiyo usikate tamaa baada ya muhula mmoja, wala usishangae mabadiliko yakirejea mzazi anapooa au kuolewa tena, kesi inaporudi mahakamani, au familia inapohama kwa mara ya pili. Hata hivyo zipo dalili ambazo hazisubiri: kutotaka shule kabisa kwa majuma, kukonda, kutolala, kujiumiza, ulevi, alama za kipigo mwilini, au kuachana na marafiki wote. Hapo mpelekeni kwa mtaalamu wa ushauri nasaha au kituo cha afya, na pale penye shaka ya ukatili, mamlaka ya ustawi wa jamii ijulishwe. Mtoto akitamka kwamba hataki kuishi, jambo hilo lishughulikiwe siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake mpaka amefika mikononi mwa mtu mzima anayehusika.

Mwaka wa masomo unapokwisha, mwalimu wa darasa amkabidhi mwenzake anayempokea mwanafunzi huyo ukurasa mmoja, usiozidi hapo, unaoeleza mambo manne: mahali alipokatikia katika masomo na palipokwisha kuzibwa, mipango iliyomsaidia, namna ya kuwasiliana na kila mzazi, na ishara mliyokubaliana. Sababu za wazazi kutengana zisiandikwe humo. Mwanafunzi mwenyewe aonyeshwe ukurasa huo kabla haujapelekwa, aseme kama kuna neno angependa lifutwe.